Sista wa Mvumi aliacha picha ya mdogo wake aliyefia mazoezini kwenye ndege za mabomu 1943, ndugu zake nawapataje?

BintiMvumi

Mbukwenyi wana jukwaa. Naombeni mnisaidie hili jambo maana limenikaa kichwani na sijui hata pa kuanzia.

Bibi yangu mzaa mama alifanya kazi miaka mingi hospitali ya Mvumi hapa Dodoma enzi za wamisionari wa Australia, mwanzo alikuwa anafua na kunyoosha mashuka ya wodini halafu baadaye akawa anamsaidia nyumbani sista mmoja mzungu, nesi, wakaelewana sana mpaka mama yangu akapewa jina la huyo sista. Sista alipostaafu akarudi kwao na vitu vyake vingi akamwachia bibi, vyombo, cherehani, na sanduku la bati ambalo bibi alikuwa anawekea nguo za kanisani. Bibi alitutoka mwaka jana. Juzi tunapanga vitu vyake, katikati ya kitabu cha nyimbo ikatoka picha ya kijana wa kizungu amevaa sare, kofia kailaza upande, kifuani kushoto ana kinembo cha bawa moja. Nyuma wameandika kwa penseli jina lake, namba, halafu 27 OTU Lichfield, Wellington, 1943, na kwamba alikufa kwenye mazoezi ya kuruka usiku.

Mama anakumbuka bibi aliwahi kumwambia kwamba sista alikuwa na mdogo wake wa kiume aliyekufa na ndege ya mabomu wakati wa vita ya Hitler, na kila mwaka kuna siku moja sista alikuwa hali kitu mchana kutwa na hataki kuulizwa.

Sasa kinachonisumbua, kwanza mtu anakufaje mazoezini wakati hakuna adui, pili huyu kijana ana kaburi au ndo alipotea moja kwa moja, na tatu natamani sana hii picha irudi kwao kama bado wapo. Jina siliweki hapa kwa sababu sio langu kulitangaza. Asanteni.

MzeeWaReli

Pole kwa msiba binti yangu. Hebu angalia kile kinembo vizuri, kwenye mzizi wa bawa kuna kiduara chenye herufi. Hiyo herufi ndiyo inasema alikuwa anafanya kazi gani ndani ya ndege. Rubani anakuwa na mabawa mawili, mwenye bawa moja sio rubani.

BintiMvumi

Mzee nimetumia tochi ya simu, ni N.

Kipanga wa Area C

Basi huyo alikuwa navigeta, yule anayemwambia rubani tuko wapi na tunaelekea wapi. Dada acha nikueleze kirefu kidogo maana haya mambo nimeyasoma miaka na huwa yananiuma sana.

OTU kilikuwa kituo cha mafunzo ya kuunganisha timu. Vijana walikuwa wanatoka kozi zao mbalimbali, rubani kwake, navigeta kwake, mtu wa redio kwake, mlenga mabomu, mpiga bunduki wa mkiani, wanafika pale hawajuani kabisa. Na namna walivyokuwa wanaunganishwa huwezi kuamini, wanaingizwa wote kwenye hanga moja kubwa halafu wanaambiwa tafutaneni wenyewe, basi kijana anazunguka anamwangalia mwenzake usoni, huyu anaonekana mtulivu, wewe una navigeta? sina, haya twende. Watu watano wanakabidhiana maisha kwa kuangaliana usoni mchana mmoja. Na hiyo ya Lichfield, namba 27, ilikuwa inapokea Waaustralia wengi sana, kwa hiyo maandishi ya nyuma ya picha yanaendana kabisa na historia.

Wellington ni ndege ya injini mbili, aliyebuni mwili wake ni injinia Barnes Wallis, mifupa ya chuma chepesi iliyosukwa kama tenga halafu juu imevalishwa kitambaa kilichopakwa dawa kikakauka kikakaza. Ilikuwa ndege imara kwelikweli, ilikuwa inarudi imetobolewa matundu na bado inatua. Lakini kufika 1943 nyingi zilizokuwa kwenye mafunzo zilikuwa zimeshachoka, zimetumika huko skwadroni, yaani vikosi vya vitani, zikapigana, zikabanduliwa zikaletewa wanafunzi. Injini moja ikizima usiku, ndege nzito, rubani ana masaa machache tu ya kuruka usiku, hapo kuna nini tena.

Na hilo giza sio hili la kwetu. Uingereza nzima ilikuwa imezimwa taa kwa sababu ya vita, chini huoni mji, huoni barabara, juu mawingu. Navigeta kakaa kwenye kimeza chake na taa ndogo, ramani, penseli na saa. Anapiga hesabu: tumeruka kwa mwendo huu, upande huu, dakika hizi, upepo unatusukuma hivi, kwa hiyo tuko hapa. Upepo ukibadilika bila yeye kujua, hesabu yote inahama, wanadhani wako juu ya tambarare kumbe chini yao kuna milima ya Wales. Rubani anashuka chini ya mawingu atafute alama, anakutana na mlima ndani ya wingu.

Kitu kinachonishangaza mimi mtu wa Dodoma ni urefu wa hiyo milima. Snowdon, mlima mrefu kuliko yote Wales, una mita 1,085. Uwanja wetu wa ndege hapa mjini uko mita kama 1,100 na ushee kutoka usawa wa bahari. Yaani sisi tunakunywa chai asubuhi juu ya kilele chao, lakini wale watoto walikuwa wanafia pale kwa sababu ya wingu, barafu kwenye mabawa na hesabu ya upepo.

Kuna nyingine zilitumwa mazoezi ya masafa marefu usiku masaa matano sita, zinapita juu ya bahari, hazikurudi na hakuna kipande kilichookotwa. Hao wasio na kaburi majina yao yako Runnymede karibu na London, kuna mnara wa jeshi la anga uliofunguliwa 1953 wenye majina zaidi ya 20,000. Nyingine ziligongana zenyewe kwa zenyewe. Na usidhani adui hakuwepo, ndege za Wajerumani zilikuwa zinavuka usiku zinawawinda wanafunzi wakiwa wanazunguka uwanja wao wenyewe wanataka kutua.

Chuma cha Kizota

Sawa mkuu umeeleza vizuri ila mimi nina swali bila kukosea heshima. Mtu kufa mazoezini ni ajali kama ajali nyingine, kama mtu kufa na lori. Kwanini tunamuweka sawa na waliokufa vitani? Halafu tuseme ukweli, babu zetu Wagogo walibebeshwa mizigo ya Waingereza na Wajerumani wakafa njiani hakuna anayewatafutia picha, leo tunahangaika na mzungu mmoja.

Kipanga wa Area C

Nakujibu la kwanza, la pili namwachia mwalimu akiingia maana najua ataingia.

Ndugu yangu, ile komandi ya mabomu ya Uingereza ilikuwa na warukaji kama 125,000 waliojitolea, wakafa 55,573. Karibu nusu. Ndani ya hao kuna maelfu hawakuwahi kuiona Ujerumani, walikufa kwenye mafunzo na ajali. Waaustralia peke yao walikuwa kama 10,000 kwenye hiyo kazi, wakafa 3,486, na wengine kama 650 wakafia kwenye ajali za mafunzo huko huko Uingereza. Hao 650 walipanda meli kutoka upande wa pili wa dunia wakijua wanaenda wapi. Hakuna aliyemlazimisha mtu kuruka, walijitolea wote.

Na mpaka wa mazoezi na vita wala haukuwepo wazi hivyo. Mei 1942 walipotaka kupeleka ndege 1,000 kwa usiku mmoja kupiga mji wa Cologne hawakuwa na ndege za kutosha, wakachukua za vituo vya mafunzo zaidi ya 300, walimu na wanafunzi wakaenda. Zikaruka ndege 1,047, hazikurudi 41. Sasa mwanafunzi aliyekufa usiku ule utamweka wapi?

Na kuna ile ya Januari 1942, Wellington ya mafunzo yenye vijana wa Poland, ilipiga mlima unaitwa Buckden Pike kaskazini ya Uingereza kwenye dhoruba ya theluji. Walikuwa sita. Akabaki hai mmoja, mpiga bunduki wa mkiani, mguu umeumia vibaya, theluji imefunika kila kitu haoni mbele wala nyuma. Akaona nyayo za mbweha kwenye theluji. Akajiambia mbweha mwenye njaa lazima anaenda kwenye nyumba za watu kutafuta chakula, akazifuata anatambaa mpaka akafika kijijini. Miaka ya 70 akarudi akajenga msalaba pale mlimani kwa ajili ya wenzake watano, na chini ya msalaba kuna kichwa cha mbweha cha shaba. Huyo mwambie wenzake walikufa kwa ajali ya lori.

Mwl. Mstaafu Hombolo

Nimeingia. Kijana wangu wa Kizota hoja yako ya pili ni ya kweli na wala usione haya kuisema. Vita ya kwanza ilipita hapa hapa, Waingereza na Makaburu waliingia Dodoma Julai 1916, kabla yao Mjerumani alishachukua vijana, ng'ombe na nafaka, nao wakaja wakachukua tena, ndiyo ikazaa ile njaa ya Mtunya ambayo wazee wetu walikuwa wanahesabia umri kwayo. Wapagazi walikufa kwa maelfu na maelfu. Ile sanamu ya Askari pale Dar es Salaam haina jina hata moja la mtu. Tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti 2021 ikakiri kwamba Waafrika na Wahindi wengi hawakuandikwa majina kama walivyoandikwa wazungu, na ikaomba radhi. Radhi ilichukua miaka mia moja.

Lakini nakuuliza, hasira hiyo inamhusu vipi kijana wa miaka ishirini na kitu aliyekufa 1943 na dada yake aliyekuja kuwazalisha mama zetu Mvumi? Mimi baba yangu alikuwa KAR, lile jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, alienda Burma na ile divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, 1944 wakapita bonde la Kabaw kwenye matope na mvua wakaenda kuvuka mto Chindwin. Alikuwa anatuambia chakula chao kilidondoshwa na ndege, na siku ndege isipokuja wanalala njaa, na siku moja moja wanasikia ndege imepiga mlima kwenye mawingu na wote wanakaa kimya kwa sababu wale marubani hawakuwajua majina lakini walikuwa wanakula kwa mkono wao. Baba yangu angekuwepo angekwambia huyo kijana atafutiwe ndugu zake, halafu na wewe andika majina ya wazee wa kwenu waliobaki kukumbukwa kabla hawajasahaulika. Uandike kweli, daftari la shilingi mia tano linatosha.

Chuma cha Kizota

Nimekuelewa mwalimu. Babu mzaa baba alienda vita ya pili, shangazi ana sahani yake ya bati ya jeshi yenye namba. Nitaenda kumuuliza Jumapili.

Wakili wa Makole

Niongeze kidogo tu. Watu wengi wanadhani ndege za mabomu zilikuwa za wazungu peke yao. Ulric Cross wa Trinidad alikuwa navigeta kama huyo kijana wa BintiMvumi, kwenye ndege za mabomu aina ya Mosquito za skwadroni namba 139, aliruka misheni 80 na akapata nishani mbili kubwa. Huyo huyo baadaye akaja Tanzania, alikuwa jaji wa Mahakama Kuu kwetu kuanzia 1967 mpaka 1971 na kufundisha sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wapo mawakili wazee waliosimama mbele yake. Sierra Leone alitoka Johnny Smythe, naye navigeta, alidunguliwa Ujerumani Novemba 1943 akakaa kambi ya wafungwa mpaka vita inaisha, akarudi akawa mwanasheria. Navigeta wawili weusi na wote wakaishia kwenye sheria, sijui ni ile tabia ya kuhakiki hesabu mara mbili.

Mkutubi

Dada sasa kuhusu kuwapata, hili lina njia nzuri kwa sababu una jina na namba, na namba ndiyo kila kitu.

Anza na Nyaraka za Taifa za Australia, wana ukurasa wa kutafutia unaitwa RecordSearch, bure kabisa. Ukiweka jina la ukoo angalia faili za mfululizo A705, hizo ni faili za vifo na waliopotea za jeshi lao la anga. Nyingi zimeshapigwa picha unasoma kwenye simu. Ndani unakuta telegramu, ripoti ya ajali, barua za wazazi, orodha ya vitu vyake na mahali alipozikwa. Faili za utumishi ni A9300 kwa maofisa na A9301 kwa wasio maofisa. Halafu ingia kwa tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, weka jina lile lile, watakupa makaburi na namba ya mstari.

Kama mwili ulipatikana atakuwa amezikwa Uingereza. Kwa Mwingereza ndugu waliweza kuomba mwili upelekwe kwao kijijini lakini kwa mtu wa Australia haikuwezekana. Kwa kituo cha Lichfield anza kuangalia kanisa la Fradley, kijiji kilichopakana na uwanja, kuna makaburi ya Waaustralia pale. Vinginevyo Chester, Oxford, Bath au Harrogate.

Na kwenye kumbukumbu ya vita pale Canberra, Australia, majina yako kwenye mabamba ya shaba ukutani bila cheo, aliyekufa juu ya Berlin na aliyekufa mazoezini wako ukuta mmoja. Hii ni kwa ndugu yetu wa Kizota pia.

BintiMvumi

Wakuu sijui niseme nini. Nimeweka jina na namba, faili la A705 lipo na limepigwa picha lote, nimelisoma mpaka bando limekata nikanunua lingine.

Walikuwa wanarudi kutoka mazoezi ya usiku, injini ya kushoto ikazima, wakajaribu kutua uwanja wa karibu wakapiga miti. Wote watano walifariki. Amezikwa Fradley kama ulivyosema Mkutubi, na wenzake wawili mstari mmoja. Kuna barua ya mama yake anauliza kama alikuwa na soksi zile alizomtumia, ofisa akamjibu kwa adabu sana kwamba jozi mbili zimo kwenye mzigo. Kuna orodha ya vitu vyake vyote, wembe, kamera, raketi ya tenisi, na baiskeli, baiskeli wameiuza pale pale kituoni na hela wakamtumia mama yake, risiti ipo. Na kwenye fomu ya ndugu wa karibu kuna jina la dada yake, nesi, anwani ya wazazi. Ni sista wetu. Tarehe ya ajali nimemuulizia mama, amesema ilikuwa mwezi huo huo sista alikuwa anafunga.

Mama amelia sana, amesema miaka yote waliishi na yule mama bila kujua alibeba nini.

Sasa hao ndugu wa leo nawafikiaje? Wazazi walishakufa bila shaka na sista hakuolewa.

Mkutubi

Hongera dada, umefanya kazi kubwa. Andika barua kwa shirika la kimisionari lililomtuma sista, wao wana kumbukumbu za wamisionari wao na mara nyingi wanajua ukoo, eleza wewe ni nani na bibi yako alikuwa nani. Pitia ofisi ya dayosisi hapa mjini wakuandikie utambulisho, dayosisi ya Central Tanganyika imeanzishwa na hao hao Waaustralia 1927, mawasiliano hayajakatika. Andika pia kwa kituo cha kumbukumbu ya komandi ya mabomu kilichopo Lincoln Uingereza, wana orodha ya karibu watu 58,000 waliokufa na wanapokea picha za kuunganisha na kila jina, wengi hawana picha mpaka leo. Usitaje anwani za watu walio hai hadharani, hiyo wawasiliane wenyewe.

MzeeWaReli

Na binti yangu nakuomba jambo moja, usiipeleke hiyo picha steshenari wakailaminishe. Najua watakwambia ndio itadumu, ule moto na ile plastiki vinaiua na haitoki tena. Waambie waiskani tu pande zote mbili, mbele na nyuma yenye penseli, kwa ubora wa juu, wakurushie kwenye simu na kwenye flashi. Yenyewe iweke ndani ya bahasha ya karatasi, sio ya nailoni, mahali pakavu, na maandishi ya nyuma usiyapitie na kalamu hata kama yamefifia. Ukishapata jibu la barua tujulishe hapa hapa.